Plough Lane: kiingilio unamlipa jirani yako wa kiti

Nianze na hukumu, maana najua wengi mnasoma mkiwa kwenye basi. Kama unaishi London na unataka kumpeleka mtoto uwanjani bila kuuza figo, nenda Plough Lane ukawatazame AFC Wimbledon. Nawapa nyota nne kati ya tano. Mpira wenyewe nisingeupa zaidi ya mbili na nusu. Zilizobaki ni za mahali na za watu.

Mimi ni mtu wa Ubaruku, wilaya ya Mbarali. Huku nafanya kazi ya kutunza wazee, zamu za usiku, na naishi Tooting. Kijana wangu ana miaka kumi na mitatu na ni Chelsea wa kufa na kuzikana. Mwaka juzi nilijikaza nikamnunulia tiketi kwenye uwanja wa klabu moja kubwa ya hapa mjini, si Chelsea, na jina naliacha. Niliipata kupitia mtu wa kati. Tukapandishwa juu kabisa, karibu na bati, tukawa tunatambua wachezaji kwa rangi ya viatu. Hela ile ingelipa ada ya mtoto wa dada yangu Rujewa na chenji ingebaki. Tangu siku hiyo nikaapa kwamba mpira wa Uingereza nitautazama kwenye simu kama Watanzania wenzangu walivyo kwenye vibanda umiza.

Kilichonivuta Wimbledon si bei peke yake. Ni Ihefu, iliyokuwa timu yetu ya ligi kuu pale Ubaruku.

Wanaofuatilia ligi ya nyumbani mnakumbuka Novemba 29, 2022. Yanga walikuja Ubaruku wakiwa hawajafungwa mechi 49 za ligi. Wakapigwa 2-1 pale Highland Estate, uwanja ambao ukitoka nje unakutana na mashamba ya mpunga. Kaka yangu alinipigia baada ya filimbi ya mwisho na hatukuweza kuongea, kwa sababu zilikuwa zinasikika vuvuzela tu. Oktoba 2023 Wananchi wakarudi, wakala tena 2-1 palepale. Halafu mwaka 2024 timu ikahamia Singida, na leo inaitwa Singida Black Stars. Basi. Hakukuwa na maandamano, hakukuwa na mabango. Kaka yangu aliniambia kama mtu anayenitaarifu kwamba duka la jirani limefungwa.

Sasa kazini kuna bibi mmoja ninayemhudumia, mtu wa Wimbledon wa miaka yote. Nilipomsimulia habari ya Ihefu akacheka mpaka akakohoa, akaniambia nendeni Plough Lane, mtapata wenzenu.

Tungeweza kwenda kwa miguu kwa Garratt Lane, lakini nilitaka kijana aone kitu, kwa hiyo tukashukia stesheni ya Haydons Road. Ukitokea upande huo unapita kwanza kwenye kona penye magorofa ya matofali yanayoitwa Reynolds Gate. Hapo ndipo ulipokuwa uwanja wa zamani wa Wimbledon tangu 1912 hadi 1991. Magorofa yamepewa majina ya watu wa timu. Lipo la Sanchez, yule Lawrie Sanchez aliyefunga kwa kichwa fainali ya Kombe la FA ya 1988 Wimbledon walipoifunga Liverpool 1-0. Fainali hiyohiyo kipa wao Dave Beasant alidaka penalti ya John Aldridge wa Liverpool. Kijana akauliza, sasa mtu anayekaa humu anajua? Nikamwambia aangalie vibao vya mlangoni aone kama kuna anayevisoma. Unaendelea mbele, unavuka mto Wandle, na uwanja mpya uko pale, mahali palipokuwa na mbio za mbwa. Kutoka uwanja wa zamani hadi mpya ni mwendo wa kutafuna karanga za shilingi mia tano. Kuutembea huo mwendo kuliwachukua miaka 29.

Mtu wa kutuelewesha tulimkuta ndani, kiti cha pembeni yangu. Mzee wa miaka sabini na kitu, skafu ya njano na buluu imefifia mpaka inakaribia kuwa kijivu, mfukoni ana peremende za mnanaa ambazo alizigawa safu nzima kama sadaka. Nilimwamkia, nikamwambia natoka wapi na timu yetu imefanyaje. Akageuza magoti yote mawili yakanielekea, na dakika kama ishirini za kwanza za mechi sikuziona.

Hadithi yake, nikiifupisha. Mwaka 1991, baada ya maafa ya uwanja wa Hillsborough ya 1989, mashabiki walipokufa kwa kubanana jukwaani, viwanja vikubwa vililazimika kuwa vya kukaa tu. Viongozi wa Wimbledon wakasema Plough Lane hairekebishiki. Timu ikaenda kupanga kwa Crystal Palace, Selhurst Park, “kwa muda”. Muda ukawa miaka 12. Katikati hapo klabu ikauzwa kwa matajiri wa Norway, na mwaka 2001 likaja tangazo: tunahamia mji wa Milton Keynes. Ni kama kilomita 90 kutoka Wimbledon. Msicheke. Najua kutoka Ubaruku hata kufika Mbeya mjini ni mbali zaidi ya hapo, na Singida ni safari ya kutwa kwenye basi. Lakini huku mtu akihama mitaa mitatu anafanyiwa sherehe ya kuagwa.

Mashabiki walipambana haswa. Waliandamana, wakaandika barua, wakasusia kununua chochote chenye nembo ya klabu. Bodi ya ligi yenyewe mwanzoni ilikataa timu kuhama. Mwishowe likaundwa jopo la watu watatu chini ya chama cha soka, FA, na Mei 28, 2002 jopo likaruhusu, kura mbili kwa moja. Mzee wangu alikuwa nje ya ofisi za FA, Soho Square, siku hiyo. Anasema hakulia. Alilia alipoisoma ripoti, pale iliposema kuanzisha klabu mpya ya Wimbledon si kwa maslahi mapana ya mpira wa miguu. Maneno hayo leo mashabiki wanayavaa kwenye fulana.

Siku chache baadaye wakakutana kwenye ukumbi wa jamii pale Wimbledon. Mmoja wao, Kris Stewart, akasimama akasema hataki tena kupigana, anataka tu kutazama mpira. Wakaanzisha timu. Mwishoni mwa Juni wakafanya majaribio kwenye uwanja wa wazi wa Wimbledon Common, wakaja vijana zaidi ya 200, wengine na jezi za kazini kwao. Julai 10 wakacheza mechi ya kwanza, ya kirafiki, na Sutton United. Wakafungwa 4-0 mbele ya watazamaji 4,657. “Ile sifuri ilikuwa yetu,” mzee akaniambia, akanipa peremende nyingine.

Msimu ule, AFC Wimbledon waliokuwa ligi za chini kabisa, za mafundi bomba na walimu, walivuta wastani wa watu zaidi ya 3,000. Ile timu ya asili, bado daraja la pili ikisubiri kuhamishwa, ilifika mahali ikachezea mbele ya watu wasiofika elfu moja. Niliposikia hivyo nikamtazama kijana wangu, naye alikuwa ameacha simu.

Na kuna takwimu moja ambayo mtu wa Ubaruku lazima aipende. Kati ya 2003 na 2004 hawa jamaa walicheza mechi 78 za ligi bila kufungwa, rekodi ya Uingereza nzima. Walioikatisha rekodi hiyo ni Cray Wanderers, timu ambayo wengi wenu ndiyo mnaisikia leo. Nikamwambia mzee kwamba sisi tuliikatisha ya Yanga ikiwa 49, kwa hiyo sisi ni Cray Wanderers wa Tanzania. Akasema hilo analiandika, na kweli akatoa kalamu.

Turudi kwenye huduma, maana hii ni tathmini.

Uwanja unaingiza watu zaidi kidogo ya 9,000. Jukwaa la magharibi ndilo kubwa na la kisasa, lina vioo na ofisi. Mengine matatu ni ya chuma, mafupi, ya kawaida kabisa, kwa sababu hela iliishia hapo. Sisi tulikaa jukwaa la mashariki. Kuona unaona vizuri mno. Uko karibu kiasi kwamba unamsikia kipa akiwagombeza mabeki wake, na matusi mengine nililazimika kujifanya sijayasikia kwa ajili ya mtoto, wakati yeye ndiye aliyekuwa ananitafsiria. Mshika kibendera alikuwa akipita mbele yetu na shabiki mmoja mama alikuwa anamuuliza hali ya macho yake kila mara, kwa upole, kama nesi. Magorofa yameuzunguka uwanja pande nyingi, jambo ambalo wengine hawalipendi. Mimi nimelipenda. Unajua uko mtaani kwa watu, hujapelekwa porini kando ya barabara kuu.

Upepo sasa. Pembe za majukwaa ziko wazi na upepo wa bonde la Wandle unapita kama una tiketi yake. Vaa.

Chipsi zilikuwa za moto na nene. Pai ya nyama ilishibisha. Chai ni ile ya Waingereza, ambayo maziwa yanaoneshwa maji kwa mbali. Sina ugomvi na Plough Lane katika hilo, ni ugonjwa wa taifa. Vyoo vya wanawake vilikuwa safi na foleni hakuna. Kwa mama mwenye watoto hiki kitu kina uzito kuliko safu ya ushambuliaji.

Wanaokuelekeza ndio niliowapenda zaidi. Klabu hii inategemea sana watu wa kujitolea siku za mechi. Dada aliyetuonesha mlango alituuliza kama ni mara yetu ya kwanza, akamwita mwenzake, na mwenzake akamweleza kijana kila jukwaa linaimba nini na ni wimbo gani asiuimbe mbele ya mama yake. Hawana ule uso wa mlinzi wa getini anayekutazama kama umekuja kuiba nondo. Nikamuuliza mzee kwa nini wako hivi. Akashangaa swali. Klabu ni ya kwao, akasema.

Na ni ya kwao kwa karatasi. Chama cha mashabiki, Dons Trust, ndicho chenye hisa nyingi. Unalipa ada ya mwaka, unapata kura moja, tajiri na mfagizi sawa. Mwishoni mwa 2019, ujenzi ukiwa umeanza, likaonekana pengo la mamilioni ya pauni, na likaja wazo la kuuza sehemu kubwa zaidi kwa wawekezaji. Mashabiki wakagoma, wakaikopesha klabu yao wenyewe: hati za mkopo zilizoleta zaidi ya pauni milioni 5, mkopeshaji akijichagulia riba, mwisho asilimia 4. Mzee wangu alichagua sifuri. Mkewe alichagua tatu, “kwa sababu mmoja wetu lazima awe na akili.” Novemba 3, 2020 uwanja ukafunguliwa kwa sare ya 2-2 na Doncaster, Joe Pigott akafunga bao la kwanza. Korona ilikuwa imezuia watazamaji, kwa hiyo watu waliosubiri tangu 1991 walitazama kwenye kompyuta, wakiwa maili moja kutoka hapo.

Nyumbani tuna kanuni ya wanachama kubaki na asilimia 51 klabu ikigeuzwa kampuni, na watu wa Simba na Yanga mnaweza kubishana juu yake mpaka alfajiri. Lakini hiyo inazisaidia klabu zenye wanachama. Ubaruku sisi tulikuwa na sauti, tulikuwa na uwanja wa kujaza na timu ya kumfunga bingwa. Kadi hatukuwa nayo. Hakuna mtu alituibia kitu ambacho kwenye daftari kilikuwa chetu. Ndiyo maana kaka yangu aliniambia kwa sauti ya habari za duka kufungwa, na ndiyo maana nilipokaa pale kati ya watu wenye hati za mkopo nyumbani kwenye droo nilipatwa na wivu, nauita kwa jina lake.

Sitaki mdhani ni peponi. Timu ya mashabiki ni timu ya hela ndogo. Ilishuka hadi daraja la nne mwaka 2022, na kurudi la tatu ni Mei 2025, Myles Hippolyte alipoifunga Walsall bao pekee kwenye fainali ya Wembley. Septemba 2024 mto Wandle ulifurika, ukaingia uwanjani, likafunguka shimo kwenye nyasi ambalo ungeweza kufukia mbuzi. Mechi ya Kombe la Ligi na Newcastle ikahamishiwa kwa Newcastle. Mashabiki wakapitisha tena kofia, zikapatikana zaidi ya pauni 100,000. Ni watu wanaochangishwa daima, na kuna wakati niliwaza kwamba kiingilio changu ni kama bahasha ya harusi ya mtu nisiyemjua.

Uchezaji? Wimbledon ya miaka ya themanini ilisifika kwa kupiga mbele na kufuata, na wajukuu hawajaacha mila. Mpira wa kurusha unakuwa kona, kona inakuwa vita. Kijana wangu, aliyezoea pasi hamsini kabla ya shuti, alikunja uso nusu saa nzima. Kipindi cha pili beki mmoja alipanda kwenye kona akapiga kichwa kikagonga mwamba mbele yetu kabisa, tukausikia ule mlio, na nikamwona ameshika kichwa kwa mikono miwili sawa na mzee wa peremende. Sare, na hakuna aliyeondoka kabla ya filimbi.

Kuna jambo moja sikukubaliana nao. Chuki yao kwa Milton Keynes bado mbichi. Mzee hatamki jina la timu ile, anasema “wale”. Bao la Ronan Curtis la dakika za nyongeza dhidi yao, Machi 2024, amelisimulia kwa mikono na miguu. Naelewa. Lakini mtoto wa Milton Keynes aliyezaliwa 2005 aliikuta timu mtaani kwao kama alivyoikuta shule. Na Singida hivyohivyo: wenyewe walikuwa wametoka kuondokewa na Singida Fountain Gate, iliyoenda Mwanza na baadaye Babati, ndipo wakapata ya kwetu. Nimejaribu kuwachukia watu wa Singida nikashindwa. Mzee alinisikiliza, akatikisa kichwa, akasema mimi ni mwema kuliko yeye, na alilisema kama kasoro.

Kwa wanaopanga kwenda: tiketi nunua mapema kwenye tovuti ya klabu yenyewe, achana na watu wa kati. Mimi na mtoto tulilipa chini ya nusu ya kile nilicholipa kule kwenye bati. Treni za Haydons Road Jumamosi hazina haraka, kwa hiyo kurudi tembeeni hadi Tooting Broadway mkanunue sambusa njiani. Mwenye watoto wadogo akae mashariki. Nyota ya tano nimeizuia kwa ajili ya upepo na zile kona zisizoisha, na klabu ikiziba pembe nitafikiria upya. Kijana hajaacha Chelsea, lakini anataka mara nyingine tukae jukwaa la kusini kwenye kelele, na ameshauliza ada ya uanachama wa Dons Trust ni kiasi gani. Nimemwambia alipe nusu kwa hela yake ya kuosha magari.